Masikio Yaliyoiva

2 Machi

Mvua imenyesha usiku kucha. Uwanja wa nje ni matope matupu na karatasi za shabaha zimelowa hadi zinajikunja zenyewe. Baba amesema kuanzia leo mazoezi yote ni ndani mpaka mvua zikatike. Ndani maana yake ni Pipa. Ndivyo wafyatuaji wanavyouita ule ukumbi mrefu wa zege nyuma ya ofisi: hauna dirisha, una mlango mmoja wa chuma, na ukipiga chafya unajibiwa.

Leo pia nimeanza kazi. Kwa sasa naokota maganda ya risasi na kubandika karatasi za shabaha. Lakini Baba, ambaye ndiye mkufunzi mkuu, ameniahidi mbele ya Mama kwamba nikistahimili msimu huu wote ndani ya Pipa atanipa usimamizi wa mstari. Msimamizi wa mstari ndiye anayewaambia watu lini wafyatue na lini waache. Naitaka kazi hiyo. Sijawahi kumwambia mtu yeyote kwamba nakitaka kitu kiasi hiki. Naandika humu kwa sababu humu hakuna anayeniambia niongeze sauti.

3 Machi

Nimevishwa hereni.

Ni desturi ya uwanja. Mgeni akiingia Pipa kwa mara ya kwanza, Sindano, msaidizi wa Baba, anamwokotea maganda mawili ya bastola yaliyo tupu na kumpa ayachomeke masikioni. Tunamwita Sindano kwa wembamba wake na kwa mdomo wake.

"Hereni zako hizi, Bubu," akaniambia. "Karibu ukubwani."

Wanafunzi wote wakapiga makofi. Wengi ni walinzi wa kampuni za ulinzi wanaojiandaa kwa mtihani wa silaha, na wote walikuwa na maganda masikioni kama mimi. Maganda yananuka baruti, yanakwaruza, na ukiinama kuokota kitu yanadondoka. Na hayazuii chochote. Mlio wa kwanza ulipopigwa nilihisi kama mtu amenipiga kibao masikio yote mawili kwa pamoja.

Baba haweki hata maganda. "Yangu yaliiva zamani," alisema.

Hapa masikio ni kama maharage. Yakilia usiku baada ya mazoezi, wewe bado mbichi. Siku yakiacha kulia, umeiva.

4 Machi

Mbichi.

5 Machi

Mbichi. Kuna mbu sikio la kushoto, na si mbu.

6 Machi

Jioni Mama aliniita kutoka jikoni nami sikuitika. Alikuja na mwiko mkononi, amekasirika, akidhani namdharau. Nilikuwa nimeketi pale pale mezani, mlango wazi. Nilisikia kitu, lakini kama mtu anayeongea chini ya blanketi, na nikadhani ni redio ya jirani.

"Na wewe umeanza?" akaniuliza.

"Nimeanza nini?"

"Baba yako siku hizi haongei na mimi. Anatangaza. Nikimwambia neno polepole ananijibu jingine kabisa. Jana nimemwambia paa linavuja, akanijibu nimsalimie."

Tulicheka. Kisha yeye akaacha kucheka, na mimi nikaacha.

Nimelala chali nikisikiliza yule mbu na nimewaza sana. Mimi si msemaji. Shuleni walimu waliandika "mkimya" kila muhula kana kwamba ni ugonjwa. Lakini mtu mkimya ana kazi yake, anasikiliza. Najua nani anapanda ngazi kwa miguu yake. Najua Mama amekasirika kwa jinsi anavyoweka sufuria. Najua Sindano anadanganya kwa sababu anakohoa kwanza. Hiyo ndiyo mali yangu. Sasa naombwa niipike mpaka iive, nipewe kazi.

Naitaka kazi. Masikio siyatoi.

9 Machi

Jumapili. Nilikwenda duka la vifaa vya usalama kule wanakouza viatu vya chuma na helmeti za ujenzi. Nilizunguka rafu mpaka muuzaji akadhani nataka kuiba. Ilibidi niseme.

"Nataka kitu cha masikio. Cha bunduki."

"Mara moja moja au kila siku?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza swali la maana namna hiyo. Nikamwambia kila siku, ndani, kuta za zege. Akaguna, akatoa vitu juu ya kaunta. Vizibo vya sponji, vidogo kama ncha ya kidole. Vizibo vya mpira vyenye uzi wa shingoni. Vikinga vya kufunika sikio zima, vyenye utepe wa kichwani, vizito na vyembamba. Kila pakiti ina namba ya desibeli inazopunguza. Nikasema basi nitavaa sponji na kikinga pamoja, nijumlishe namba mbili. Akacheka.

"Hazijumlishwi, binti. Ukivaa vyote viwili unaongeza kidogo tu juu ya ile kubwa. Lakini kwa ndani hicho kidogo usikiache."

Vizito vina namba nzuri kuliko vyembamba, ila vitagonga kitako cha bunduki nikiegemeza shavu. Nimechukua vyembamba, na pakiti ya sponji.

10 Machi

Nilivivaa nikaingia Pipa. Kicheko kilikuwa kikubwa kiasi kwamba nilikisikia hata hivyo.

"Rubani huyo!" Sindano alisema. "Ndege inaondoka saa ngapi, Bubu?"

Baba alinisogelea, akaninyanyulia kikinga upande mmoja kama anayefungua mfuniko wa chungu. "Amri ya Sitisha utaisikiaje ukiwa na hivi?"

"Nitaisikia, Baba."

"Mtu wa mstarini anaishi kwa sikio. Ukitaka kuziba, kaa ofisini upange chai."

Sikukaa ofisini. Sikuvua. Nikainama nikaendelea kuokota maganda.

11 Machi

Nimevaa. Wamecheka.

12 Machi

Nimevaa. Wamecheka kidogo.

13 Machi

Mbu amerudi, safari hii masikio yote mawili, ingawa nimevaa, na nimetafuta sababu mpaka nimeipata. Ni misuko yangu. Mto wa kikinga hauketi kwenye ngozi, unakalia nywele, na sauti inaingia kati ya msuko na msuko kama maji chini ya mlango.

14 Machi

Nimenyoa.

Mama aliketi kitandani akaokota msuko mmoja sakafuni. "Nywele zote hizi! Ungechumbiwa ningeelewa. Kwa ajili ya bunduki?"

"Kwa ajili ya kukusikia ukiniita."

Alichukua mkasi akanisawazisha kisogoni, maana nilijikata kama nyasi.

Baba aliniangalia wakati wa chakula kwa muda mrefu. Akauliza, kwa sauti yake ya kutangaza, kama nina chawa.

17 Machi

Leo nina mwenzangu. Yupo mlinzi mmoja tunayemwita Mama Pacha, ana mabinti mapacha wanaoanza shule. Alinifuata chooni akanong'ona: "Vile vya sponji, bado unavyo? Jana pacha mmoja kaniita, nikamjibia yule mwingine."

Nikampa. Akavichomeka kama anavyochomeka funguo, vikatoka. Nikamwonyesha: unakisokota kwa vidole mpaka kiwe chembamba kama njiti, unapitisha mkono wa pili juu ya kichwa, unalivuta sikio juu na nyuma, ndipo unakiingiza na kukishikilia kitanuke.

"Yaani nikuache univute sikio?" akasema. "Mtoto mdogo kama wewe? Nimekosa nini?"

"Umekosa mengi. Inama."

Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Alicheka mpaka akashika sinki.

19 Machi

Leo nimeharibu, na nitaandika yote.

Baba aliniruhusu kufyatua pamoja na kundi la asubuhi. Nilikuwa kibanda cha tatu, sponji ndani na vikinga juu. Nilikuwa napiga vizuri, matundu yangu yalikuwa yanakusanyika katikati ya karatasi. Ndani ya ukimya ule nilijiona niko peke yangu duniani. Nikavuta pumzi, nikaishikilia, nikafyatua. Ndipo nikaona bunduki zote za kushoto na kulia zimelazwa mezani.

Amri ya Sitisha ilikuwa imeshatolewa. Karatasi ya kibanda cha pili ilikuwa imedondoka, na Sindano alikuwa ameshika komeo la lango dogo la pembeni, la kuingilia upande wa shabaha, aende kuibandika. Alikuwa hajaingia. Lakini mkono wake ulikuwa kwenye komeo, na mimi nikafyatua.

Risasi ilikwenda ilikotakiwa kwenda. Hilo halinisaidii kitu. Sindano hakusema utani wowote. Alikuwa ameikodolea macho bunduki yangu, uso umekauka, na kwa mara ya kwanza nilimwona kama mtu mwenye mke anayemsubiri nyumbani.

Baba alinivua vikinga kichwani, akavirusha ukutani. Utepe wake ukavunjika.

"Nilikwambia au sikukwambia?"

"Uliniambia."

"Utavaa tena?"

Watu wote walikuwa wananiangalia. Ilikuwa rahisi sana kusema hapana. Hata mimi nilitaka kuisema. Nikamwomba Anko Sindano msamaha, kwa heshima, mikono nyuma. Kisha nikamgeukia Baba nikasema, kwa ile sauti yangu ndogo, "Sitafyatua tena mpaka nipate vinavyosikia. Lakini sitaingia Pipa masikio wazi."

"Basi hutaingia."

Nimerudi nyumbani kwa miguu, mvua ikaninyeshea yote. Nimekosea, na ningeweza kuua mtu, na sitajifariji kwa lolote. Lakini nikiipindua kila upande naona kitu kimoja. Kosa langu ni kuchagua nusu. Nilichagua cha kuzuia mlio, sikuchagua cha kuleta amri. Baba anasema lazima nichague kati ya hivyo viwili. Kwa nini lazima?

20 Machi

Mvua. Nimepanga chai.

21 Machi

Mvua. Chai. Sindano amepita akasema, "Sukari kidogo, Bubu," na hakuniangalia machoni. Nimemwelewa.

23 Machi

Nilirudi kwa yule muuzaji, nikamweleza yote, hata sehemu ya aibu. Akafungua kabati la kioo nyuma yake akatoa vikinga vyenye maiki ndogo mbili kwa nje na batri ndani. Akanivisha, akanong'ona akiwa mbali, upande wa pili wa duka: "Unanisikia?" Nilimsikia kuliko nilivyomsikia nikiwa karibu. Kisha akapiga nyundo kwenye bati. Sauti ikafungwa, kama mlango unaofungwa kwa mguu, ikafunguliwa tena.

"Ndani ya zege weka na sponji chini yake," akasema, "kisha ongeza sauti ya maiki. Maneno yatapita, mlio utabaki nje. Na batri uikague kila asubuhi, ikifa umerudi kule kule."

Nimeuza simu niliyopewa kwa kumaliza shule. Mama amejua. Baba bado.

24 Machi

Nilisimama mlangoni mwa Pipa kabla hawajaanza, vikinga vipya vya maiki kichwani. Nikamwomba Anko Sindano aende mwisho wa ukumbi, anigeuzie mgongo, aseme chochote kwa sauti ya kawaida.

Akaenda. Akasema kitu.

"Amesema mimi ni mkaidi kama mbuzi wa shangazi yake," nikasema.

Walinzi waliokaa katikati ya ukumbi wakasema, ndiyo, kasema hivyo. Baba aliyekuwa amesimama karibu na Sindano kuliko mimi aliuliza, "Kasema nini?"

Watu wakaanza kukagua viatu vyao.

"Ingia," Baba akasema hatimaye. "Kuokota tu. Bunduki hushiki."

Nimeingia.

26 Machi

Mama Pacha amewaonyesha wenzake wawili namna ya kusokota sponji. Anawavuta masikio kwa nguvu zaidi kuliko inavyotakiwa, kwa makusudi.

29 Machi

Usiku kimya. Mbu ameondoka sikio la kulia. La kushoto bado yupo, mdogo.

2 Aprili

Sikio la kushoto halijapona, na huenda ndivyo litakavyobaki. Leo nimejua hasira yangu ni kwa nani.

Mchana kundi lote lilikuwa mstarini. Baba alikuwa anasimamia mwenyewe, akitembea nyuma ya vibanda. Bastola ya Mama Pacha ilikwama. Akaiweka chini akainua mkono na kusema "Sitisha!" Sheria ya uwanja ni kwamba mtu yeyote akisema neno hilo, wote wanaacha. Alisema mara mbili. Baba alikuwa hatua chache nyuma yake, masikio wazi, hayana hata ganda. Akapita. Akasema, "Endeleeni! Nani amewaambia mpumzike?"

Wale wa mwisho wa mstari wakaendelea. Na mwanafunzi wa kibanda cha jirani alikuwa ameshainama mbele ya meza, ng'ambo ya mstari mwekundu, kumwokotea Mama Pacha magazini yake, kile kibebeo cha risasi, iliyoanguka.

Nilipiga kelele. Mimi. "SITISHA!" Pipa lilinirudishia sauti yangu mara nyingi, kubwa, ya mtu nisiyemjua. Bunduki zote zikalala.

Baba akageuka. Ile alisikia. "Nani amekupa mstari?"

"Mama Pacha amesema Sitisha, Baba. Umepita nyuma yake."

"Sijasikia kitu."

"Najua."

"Unajua nini?"

Nilipaswa kunyamaza, ni mzazi wangu, na watu walikuwepo. Lakini niliona tena Sindano na mkono wake kwenye komeo. Siku ile mimi nilirushiwa vikinga ukutani.

"Najua kwamba mimi niliziba nikakosa amri, ukanitoa mstarini, na ulikuwa sahihi. Wewe hujaziba, na umekosa amri. Masikio yako hayajaiva, Baba. Yameungua."

Baba alifungua mlango wa chuma. Akatoka nje bila koti la mvua.

Nyumbani Mama alinikalisha chini. "Umemwambia hivyo mbele za watu?"

"Ndiyo, Mama."

"Ungemwambia nyumbani."

"Nyumbani nilimwambia. Akaniuliza nimesema nini."

Mama alifunika uso kwa kanga. Nilidhani analia. Mabega yalikuwa yanatikisika, na sina hakika mpaka sasa.

3 Aprili

Baba hatangazi. Amenyamaza. Sijui kipi ni kibaya zaidi.

5 Aprili

Kimya.

6 Aprili

Sindano aliniambia, bila utani, kwamba Baba amemuuliza kama ni kweli. "Nikamwambia ni kweli, na mimi pia naanza. Mke wangu anadhani sipendi kuongea naye."

"Kwa nini hukumwambia zamani, Anko?"

Akakohoa kwanza. "Nilidhani tumeiva."

8 Aprili

Baba aliingia ofisini asubuhi, akasimama mlangoni. "Haya, mjuaji. Kesho mstari ni wako. Tuone hiyo sauti yako ndogo itafika wapi."

Hakuwa ananipa zawadi. Alikuwa ananitupia mzigo ili nione uzito wake. Sawa.

9 Aprili

Nilikuwa Pipa kabla ya watu wote. Nilikagua batri. Nilining'iniza vikinga kwenye misumari kando ya mlango, kila kimoja nilichoweza kukipata: vyembamba vyangu nilivyofunga utepe kwa waya, vitatu ambavyo Mama Pacha na wenzake wamenunua wenyewe, viwili Sindano alivyovileta kutoka kwa shemeji yake fundi wa kuranda mbao. Sponji nikaziweka kwenye bakuli.

Wakaingia. Nikasema kila mtu avae. Mmoja akasema yeye ameiva. Nikamwambia basi akaliwe nje. Watu wakacheka, safari hii upande wangu, naye akavaa.

Baba akaingia wa mwisho, akaenda kusimama mahali pake nyuma ya vibanda, mikono kifuani, masikio wazi, kofia yake imeshushwa hadi kwenye nyusi. Kila mtu alinyanyua bunduki akasubiri neno langu.

"Mstari umefungwa," nikasema.

Wakasubiri.

"Tuko tayari," Sindano akasema.

"Hatuko tayari. Kuna mtu masikio yake yako wazi."

Baba akasema, "Unanifukuza kwenye uwanja wangu?"

"Sikufukuzi, Baba. Nakusubiri."

"Na nisipovaa?"

"Tutasubiri mpaka jioni. Kesho nitafika tena asubuhi."

Nilitamani kuangalia sakafu kama nilivyoangalia sakafu maisha yangu yote, na sikuiangalia. Nilimwangalia yeye. Yaliyobaki masikioni mwake ni machache. Hayo machache bado anaweza kumsikia nayo Mama, Mama akisogea karibu. Siwezi kumrudishia yaliyoungua, lakini leo hayaungui mengine, si kwa amri yangu.

Nikavua vikinga vyangu vya maiki, vile nilivyovinunua kwa pesa ya simu yangu, nikampelekea. Mimi nikachukua vyembamba vya waya. Msimamizi naye avae, na kwa mbele yupo Mama Pacha atakayeninyanyulia mkono akiona jambo.

Baba alivishika kama mtu aliyepewa mtoto wa mtu mwingine. Kisha akavivaa, juu ya kofia.

"Kofia pia, Baba. Inaacha mwanya."

Hakuna mtu uwanjani aliyewahi kumwona Baba bila kofia. Alinitazama. Nikamtazama. Akaivua polepole, na upara wake ukang'aa chini ya taa ya Pipa kama yai. Akavivaa upya, vikaketi kwenye ngozi.

Huko nyuma kabisa, pembeni ya mlango, Sindano alicheka. Kicheko kidogo, cha puani, cha mtu aliyezoea kucheka nyuma ya mgongo wa mwenzake.

Baba akageuka papo hapo.

"Sindano! Unacheka nini?"

Sindano alisimama mdomo wazi. Na Baba akabaki pale pale, amegeuka nusu, mkono umeshika kikinga, kama mtu aliyeguswa begani na mgeni.

Nikarudi mahali pangu. Nikajaza kifua.

"Mstari uko wazi!"

Nilisikika mpaka ofisini, wanasema.